Tulivyojifunza Kuupa Mto Kisogo

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa koti la marehemu baba, lililonipwaya mabegani, nikafika kwenye ofisi za mji wa Kisangani kabla mlinzi hajafungua mlango. Nilidhani nitapewa meza na kiti. Chef wa Huduma ya Dharura, mzee mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, aliniangalia viatu kwanza, halafu uso.

"Weye njo Ramazani?"

"Njo miye, Chef."

"Bon. Vua viatu. Tunaenda ku mto."

Tukateremka hadi ukingoni, suruali nimeikunja magotini, koti la baba nimelibana kwapani. Pale majini ulisimikwa ubao mrefu wenye alama nyekundu na nyeupe. Sisi wa kazi hii tunauita échelle, yaani ngazi, kwa sababu mto hupanda na kushuka juu yake. Chef akaniambia nisome. Nikasoma, nikajiona nimefaulu. Akauliza, "Na jana ilikuwa wapi?" Nikasema sijui, jana sikuwepo. "Donc haujui kitu. Maji ya leo peke yake haina maana. Unasoma jana na leo, halafu unaogopa kesho."

Tulipokuwa tunarudi alinieleza kazi yenyewe. "Batu banafikiri siye ni ba kuzima moto. Apana! Siye tunalipwa juu ya kuogopa mbele ya bengine. Unaogopa wakati jua inawaka, juu bengine balale muzuri." Nimefanya kazi hiyo mpaka nywele zikaisha kichwani, na sijasikia mtu akiieleza vizuri zaidi ya hapo.

Ninyi vijana mnaoingia leo mnakuta kompyuta. Sisi tulikuwa na vitu viwili. Cha kwanza ni mpango wa dharura: makaratasi yanayosema, mto ukifurika au kipindupindu kikiingia au soko likishika moto, nani amwite nani, watu wapelekwe wapi, na nani awape maji safi ya kunywa. Cha pili ni phonie, redio ya kuongea, sanduku la chuma lenye kinasa sauti cha kushika mkononi. Ukibonyeza unasema, ukiachia unasikia. Kila asubuhi niliita Ubundu, kule reli inakoishia. Maporomoko ya maji yapo kati yao na sisi, na wao wako juu yake. Mto ukipanda Ubundu, ujue habari hiyo iko njiani inakufuata. Mwenzangu wa kule sikuwahi kumwona sura, lakini jogoo wake nilimjua kwa sauti, maana alikuwa akiwika katikati ya ripoti.

Baadaye Chef akanituma ng'ambo, commune ya Lubunga, niwe agent wa dharura chini ya Mama Bourgmestre, mkuu wa commune ile. Alinichagua kwa sababu mimi ni mtoto wa Lubunga. Babu zetu, Waungwana, walikaa upande ule tangu zamani, na nyumba yangu ilikuwa palepale bondeni, hatua chache kutoka libongo, yaani gati ya mitumbwi na ya bac, kile kivuko kikubwa cha injini. Niliishi pale na mke wangu Zaina na binti yetu Mwamini, ambaye wakati huo alikuwa bado wa kubebwa mgongoni.

Bonde lile ndilo lililotunyima raha. Mpango ulikuwa umeandikwa vizuri kabisa: maji yakitaka kupanda, kengele ya kanisa italia, msikiti utatangaza kwa kipaza sauti, machef wa mitaa watapuliza filimbi, na watu wote watapanda juu hadi kwenye shule iliyo nyuma ya reli. Pale ni mahali pa juu. Mto haujawahi kufika pale, hata wazee hawajasikia. Tukaamua kufanya zoezi, kujaribu mpango kabla ya mvua kubwa. Chef mwenyewe alivuka kuja kuangalia, na Mama Bourgmestre akavaa kitenge kipya.

Kengele ikalia. Msikiti ukatangaza. Filimbi zikapulizwa mpaka machef wakakosa pumzi. Na watu wakatoka majumbani, vifurushi kichwani, watoto mkononi, mbio. Nikafurahi. Halafu nikaona wanakokimbilia. Jamani! Lubunga nzima ilikuwa inashuka kwenda mtoni.

Mfanyabiashara mmoja wa Kivu ya Kaskazini, Mkatoliki mwenye duka la vitambaa, alikuwa amekwisha kupakia robota zake kwenye mtumbwi na anagombana na mpiga kasia. Vijana wa toleka, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli, walikuwa wamezibeba baiskeli mabegani na maji yamewafika viunoni. Nikakimbia huku na huku nikipiga kelele. Nikamwona mke wangu mwenyewe, mguu mmoja nchi kavu, mguu mmoja ndani ya mtumbwi, Mwamini mgongoni.

"Zaina! Unaenda wapi?"

"Ng'ambo! Haukusikia alerte?"

"Alerte iko ya maji, mama Mwamini! Ya maji!"

"Njo nakimbia, sasa! Ulitaka nikae?"

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka. Wenye umri wangu wanajua kwa nini ilikuwa vile. Miaka ya vita, kila mabomu yaliposikika upande huu, tulivukia upande ule. Yakisikika upande ule, tulirudi huku. Hatari ikija, unavuka. Hatukufundishwa shuleni, miguu ilijifunza yenyewe, na mtumbwi ndio uliotuokoa wengi wetu. Sasa nani angeweza kuiambia miguu ile kwamba hatari ya leo ni mto wenyewe? Mazoea yana taabu, waliosema hivyo hawakukosea.

Chef peke yake hakucheka. Alingoja watu watawanyike, akanivuta pembeni, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea kwake: "Ramazani, siku ya kweli, ule muke yako atakufa. Atakufa na mutoto mugongoni, na atakufa juu alitii alerte yako."

Maneno hayo yalinifuata kila mahali. Usiku sikuwa na shida, nililala. Shida ilikuwa mchana, kila nilipomwona Zaina akienda mtoni kuosha vyombo. Nilimweleza. Nilimchorea kwa kijiti mchangani: mto huu, reli hii, shule hii. Alisema amesikia. Nikamshtukiza siku moja, "Maji imekuya!" Akashika mtoto, akageuka upande wa libongo. Kisha akasimama, akaitazama miguu yake. "Miguu yangu haina akili," akasema. Nilimwogopea mke wangu kweli kweli, na niliona aibu kwamba kazi yangu ni kuogopea mji mzima na mimi namfikiria mtu mmoja.

Tukafanya zoezi la pili, safari hii tukiwaongoza watu kama mbuzi, polisi wa mtaa wamesimama njiani kuzuia upande wa mto. Wakapanda. Wakakaa kwenye uwanja wa shule juani, Mama Bourgmestre akasoma hotuba ndefu kuhusu uzalendo, halafu wakateremka na kiu yao. Zaina, ambaye hakuwa na woga wa mkubwa, alimfuata Mama Bourgmestre hadi mlangoni.

"Mama, unatupandisha na jua kali vile, hata maji ya kunywa hakuna. Nani atapenda kurudia kule? Mutu anakimbilia fasi alikula muzuri."

Mama Bourgmestre alikuwa mtu wa makamo, mkali lakini mwenye sikio. Akamgeukia Chef. Chef akajikuna kidevu, akasema, "Alors, tupike."

Ndivyo ilivyoanza Siku ya Kupanda. Haikuwamo katika mpango wowote wa dharura, na sijui kama imo katika mpango wa mji mwingine duniani. Kila mwaka, mvua kubwa zikikaribia, kengele ililia, msikiti ukatangaza, filimbi zikapulizwa, na kila nyumba ikabeba chungu chake, ndizi zake na kuni zake ikapanda hadi shule ya nyuma ya reli. Kule juu tulipika. Wanawake wa bondeni walitwanga lituma, zile ndizi zilizochemshwa zikapondwa na mawese, na hakuna mji unaoijua lituma kutushinda sisi wa Boyoma, yaani Kisangani. Wavuvi Wagenia walileta samaki. Jirani zetu Walokele walileta pondu, yaani kisamvu, na ngoma. Yule bwana wa vitambaa alileta gunia la chumvi, tukamtania kwamba safari hii hakulipakia kwenye mtumbwi. Na kanuni ilikuwa moja tu: chakula kinapikwa juu, hakibebwi kimeiva kutoka chini. Aliyetaka kula, apande.

Zaina ndiye aliyekuwa mkubwa wa mafiga. Mimi agent wa dharura, mwenye kofia ya serikali na mégaphone, nilikuwa natumwa kuokota kuni. "Weye mutu ya plan, lete maji! Plan haiivishe ndizi!" Watu wakacheka mpaka wanashika mbavu, nami nikaenda kuchota maji. Watoto walicheza wakazijua njia zote za mkato kati ya bonde na reli. Vikongwe walibebwa kwa toleka, wameshika kiti kwa nguvu, wanamtukana dereva njia nzima. Chef alikuja kila mwaka, akala kwa mikono, akalala chini ya ukuta wa darasa na kofia usoni.

Nina hamu na siku zile mpaka kifua kinaniuma. Nimeketi meza nyingi tangu wakati huo, za makongamano, zenye vitambaa vyeupe na chupa za maji. Sijawahi kushiba kama nilivyoshiba kule.

Miaka ikapita namna hiyo. Mwamini akakua, akaenda shule hiyohiyo ya juu. Mimi nikarudishwa ng'ambo ya mji kusimamia phonie kuu, nikawa navuka asubuhi na kurudi jioni, Zaina akabaki Lubunga.

Ule mwaka wa maji makubwa mvua ilinyesha bila kukoma. Asubuhi moja niliketi kwenye phonie kama kawaida. Ubundu wakaniita kabla sijawaita.

"Kisangani, Kisangani, hapa Ubundu. Échelle haionekane tena."

"Rudia, Ubundu."

"Minasema échelle haionekane. Maji imepita juu yake. Iko inakuya kwenu."

Jogoo sikumsikia. Chef alikuwa amesimama nyuma yangu, amesikia yote. Hakupiga kelele. Akasema, "Piga Lubunga." Nikaita phonie ya commune, kijana wa pale akajibu, "Nimepokea, napeleka kwa Mama Bourgmestre." Baada ya hapo kimya. Umeme wa bwawa la Tshopo ukakatika, antena zikazima, simu zetu za mkononi zikawa vipande vya plastiki. Nikaita Lubunga tena na tena. Hakuna aliyejibu.

Sikiliza, kijana wangu, nikuambie hofu ni nini. Unajua saa ile kengele inalia ng'ambo. Unajua watu wanatoka majumbani na vifurushi kichwani. Hujui wanageukia upande gani. Zoezi la kula lituma ni zoezi. Siku ya kweli moyo unapokwenda mbio, miguu inarudia mambo ya zamani. Nikamwona Zaina mguu mmoja ndani ya mtumbwi. Nilimwona waziwazi, kama vile nakuona wewe.

Nikasimama. "Chef, niruhusu nivuke."

"Na nini? Bac imesimama."

"Na mtumbwi."

Alinishika koti. "Ramazani, nani alifundisha batu ya Lubunga basikimbilie maji? Haiko weye? Na sasa weye njo unataka kukimbilia maji? Kaa!" Halafu akaona uso wangu, akalegeza mkono. "Kuya. Tuende kuangalia. Kuangalia tu, papa."

Tukaenda ukingoni. Mto ulikuwa na rangi ya udongo, unabeba magogo na magugu na paa la nyumba ya mtu. Ng'ambo bonde lote lilikuwa limemezwa. Mahali pa nyumba yangu palikuwa maji. Nikatafuta libongo kwa macho. Hapakuwa na mtu. Badala ya kufurahi nikazidi kuogopa, nikasema pengine wamekwisha kupanda mitumbwi, pengine mto umekwisha kuwachukua wote. Nikakagua maji yale kipande kwa kipande, natafuta kitenge, natafuta kifurushi, chochote. Midomo yangu ilikuwa inasoma Fatiha na akili yangu haimo.

Mvua ikapunguza kidogo. Chef akanigusa bega.

"Angalia kule nyuma ya reli."

Juu ya miti, upande wa shule, kulikuwa na moshi. Si moshi wa nyumba inayoungua, huo ni mweusi na unakimbia. Huu ulikuwa wa buluu, wa kuni mbichi, unapanda polepole sehemu nyingi kwa pamoja.

"Banapika," Chef akasema. "Ramazani, banapika!"

Nililia. Nililia kwa sauti mbele ya mkubwa wangu na mbele ya watu wa sokoni, na sioni haya kulisema hapa. Mzee yule naye akavua kofia, akajifuta macho akisingizia mvua.

Kesho yake bac ilipofanya safari nilivuka wa kwanza. Nilipanda ile njia mbio, mimi mtu mzima. Nikamkuta Zaina kwenye baraza ya darasa, mwiko mkononi, anamgombeza mtu juu ya chumvi. Mwamini alikuwa anagawa sahani. Zaina aliponiona hakunikumbatia, mbele ya watu haikuwa desturi yake. Aliniangalia tu, machozi yanamtoka, akasema, "Umechelewa. Lituma imeisha." Kisha akanipa ile aliyonifichia chini ya jani.

"Nyumba imeenda," akaniambia nikiwa nakula.

"Minajua. Niliona."

"Ni udongo. Udongo iko."

Nikamuuliza kuhusu miguu yake. Akacheka. Akasema kengele ilipolia aligeuka mtoni kwanza, kweli kabisa, kisha akakumbuka kwamba mafiga yake yako juu, na wakubwa wa mafiga hawachelewi.

Kazi iliendelea baada ya hapo, lakini sina mengi ya kusimulia. Chef alistaafu, akarudi kwao, akafia huko. Mama Bourgmestre alihamishwa. Wakuu waliofuata kila mmoja alikuja na neno lake. Wa kwanza akasema tusiseme tena dharura, tuseme janga. Aliyemfuata alitoka semina Kinshasa akasema ni gestion ya risque, yaani kusimamia hatari. Wa tatu, Chef wa Division, mtu mpole na msomi, aliniita akanionyesha makadirio ya mwaka. "Papa Ramazani, hii Siku ya Kupanda tutaiandika wapi? Chakula haina mstari." Nikayapekua makaratasi yale. Kweli haikuwa na mstari. Tangu hapo alerte inatumwa kwa ujumbe wa simu, na ni kazi nzuri, inafika haraka, sisemi vibaya. Ila watoto wa bondeni wa leo hawajawahi kula kule juu, na ninaitazama miguu yao wanapocheza libongo. Hamadi kibindoni, silaha iliyo mkononi. Ile yetu tuliiweka chini wenyewe.

Siku ya kustaafu nilipewa makofi na soda ya moto. Nyumba tulikuwa tumekwisha kuijenga upya palepale bondeni, Zaina akapanda pilipili uani, tukafikiri tutazeeka tukigombana juu ya kuni. Haikuwa hivyo. Tension, yaani shinikizo la damu, ilimchukua kwa wiki moja tu. Makaburi yetu Waislamu wa Lubunga yako juu, ng'ambo ya reli, nyuma ya shule. Tulipanda naye kwa ile njia, watu wa bondeni wote, na wanawake waliokuwa wakitwanga naye walitembea nyuma wakilia.

Sasa Mwamini ameolewa mjini, ana nyumba ya matofali na watoto. Mvua ikinyesha siku mbili anapiga simu. "Papa, kule chini haiko muzuri. Vuka, kuya kwetu. Chumba iko tayari." Mumewe naye anachukua simu: "Papa, tunatuma mutu na mtumbwi." Watoto wazuri, wananipenda. Najua wanaogopa, na mimi ndiye niliyewafundisha kuogopa mapema, siwezi kuwalaumu.

Juzi aliniuliza, huku analia, kama nimeamua kufia majini. Nikamwambia hapana, mama, siku maji yakija nitaondoka kabla ya watu wote, hiyo ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu. Ila usitume mtumbwi, wala usisimame kwenye gati ukiningoja. Mimi nitakuwa nimepanda kwa mama yako.